Wanafunzi Watatu Wenye Mvi

Wiki nzima kabla ya usaili wa ualimu sikukaa kitako. Nilikuwa nimehitimu miaka sita nyuma, nikajitolea kufundisha shule moja ya Nyakato, na sasa nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa imefika: dakika kumi za kufundisha mbele ya wasaili. Mada niliyopangiwa ilikuwa mpangilio sambamba katika sentensi za Kiingereza. Ukitaja mambo matatu kwa mfululizo, yote yawe ya umbo moja, kama wanafunzi wenye sare mstarini. Ukianza na "cooking", endelea na "washing", usije ukachomeka "to sleep".

Nilimfundisha dada yangu, ninayeishi kwake Mkolani, huku akisukuma chapati za kuuza. Niliwafundisha wateja wake. Niliufundisha ukuta wa choo.

"Hebu kaa basi," dada akaniambia. "Unanitia kizunguzungu."

Nilikaa, nikasimama. Mama alipiga simu kutoka Sengerema kila asubuhi kuuliza kama siku imefika. Niliogopa kuchelewa, niliogopa kusahau, niliogopa hata chaki kukatika. Kilichokuja kuniponza sikukiogopa hata kidogo.

Siku yenyewe niliingia darasani nikakuta watu wazima watatu, wenye mvi wote, wamekaa kwenye madawati. Hao ndio wasaili; wangejifanya wanafunzi wa kidato cha pili, nami niwafundishe hivyohivyo. Mmoja alikuwa mzee wa rika la baba yangu, magoti yamegota dawati.

"Shikamooni," nikasema, mikono nyuma.

"Marahaba," wakaitikia, wakacheka.

Somo lilianza vizuri. Nilitoa mifano ya kulima pamba na kupara samaki, na mama aliyekaa katikati akajibu sawasawa. Kisha mzee akanyoosha kidole, akasimama na kusoma sentensi yake: "My mother likes cooking, washing and to sell fish."

Kosa lilikuwa peupe. Nilijua ameliweka makusudi, lakini mdomo wangu ulikataa. Kwetu mtu wa umri ule humkosoi mbele za watu. Akipotea njia, unamwambia labda ile nyingine ni fupi zaidi.

"Asante sana, baba," nikasema. "Umejitahidi. Tumpigie makofi."

Wakapiga. Nikakimbilia zoezi la nyumbani, jasho likinitiririka, nikijidanganya kwamba hakuna aliyeona.

Muda ulipokwisha nikafuta ubao. Mzee alikuwa bado ameshika kalamu juu ya fomu yangu ya alama.

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "sentensi yangu ilikuwa sawa?"

"Hapana, baba."

"Ulijua saa ngapi?"

"Ulipoisoma."

"Na ukanipigia makofi." Alitikisa kichwa. "Mtoto angeibeba hivyohivyo mpaka chumba cha mtihani."

Hasira ilinipanda, yote juu yangu mwenyewe. Nikashika chaki, nikaiandika upya sentensi yake kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini ya "selling", nikamwambia kwa ukali asirudie kosa hilo tena.

"Asante, mwalimu," akasema, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaifunika kalamu yake bila kuniongezea alama na kuniomba nimwitie anayefuata.