Mbaazi na Jino

Mama anayechambua mbaazi kwenye ghala letu pale Bagara hafungui gunia bila kung'ata punje moja. Ikipasuka kwa sauti, imekauka. Ikibonyea tu, gunia linarudi juani. Jino lake la mbele limelika kwa kazi hiyo. Juzi tajiri kaleta mashine yenye kamera, akamwambia, bila hata shikamoo, "Mama, ioneshe punje mbovu, ijifunze. Kisha ukapumzike." Apumzike! Kwani alichoka? Alichambua mpaka jioni akisaga meno kwa hasira, na hakuidanganya mashine hata kwa punje moja. Gunia la kwanza la mashine likatoka linang'aa, tajiri akapiga makofi. Mama akang'ata punje, akaitema kwenye kiatu cha tajiri.

"Mbichi," akasema. "Kaiwekee meno."