Siku Tano Zilizobaki

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajatimiza mwezi, na mume wangu alikuwa kibarua wa shamba la mkonge upande wa Pongwe, akirudi Jumapili tu. Tulipanga chumba mjini Tanga kwa bibi mmoja mjane. Wapangaji wote tulitumia bomba lake la uani.

Asubuhi moja akaniletea karatasi. "Mwanangu, wewe umesoma. Inasema nini hii?"

Ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma: deni la maji lisipolipwa, bomba litafungwa. Bibi akakaa kizingitini, anakunjakunja ukingo wa kanga. Kodi tulizompa zilikuwa zimeishia kwenye matibabu ya macho yake.

Nikasoma mpaka chini, kwenye maandishi madogo. Mwenye deni ana siku kumi na nne tangu apate barua, na kabla hazijaisha anaweza kwenda ofisi ya maji kuomba alipe kidogo kidogo.

"Watanisikiliza mimi?" aliuliza.

Nikamwambia ajaribu. Akawa kila siku anasema atakwenda kesho.

Siku ya tisa fundi wa maji akapiga hodi, spana mkononi. Nilikuwa nafua nepi. Nikafuta mikono, nikaingia ndani kuchukua ile karatasi.

"Kaka, siku hazijatimia. Zimebaki tano."

"Mimi nimetumwa, dada."

Kiingereza hakukijua. Nikamfasiria mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, mtoto analia ndani. Akashusha spana. "Ukiwa umenidanganya, mimi sina kazi tena."

"Basi twende wote ofisini."

Arobaini yangu ilikuwa haijatimia, na nilijua majirani watanisema kwa kutoka nje. Nikatoka hivyo hivyo, mtoto kifuani, bibi amenishika mkono asijikwae. Njia nzima nilijiuliza kama nimesoma vibaya.

Karani alifunua daftari, akahesabu siku, akarudia kuhesabu.

"Fundi amekuja kabla ya siku," akasema, bila kuomba radhi. Bibi akaruhusiwa kulipa mara nne, na sisi wapangaji tukakubaliana kodi zetu zilipe kwanza deni hilo.

Bomba halikufungwa. Lakini kwa miezi kadhaa sikuliamini. Kila alfajiri nilijaza mitungi yote kabla ya kuwasha moto, na mtu akibisha mlangoni, nilichungulia kwanza kama ana spana.