Kofia ya Twahiru Si Ziwa Kivu

Mwavita hajawahi kugusa kitu cha mtu. Ndiyo maana ilimuuma mpaka kwenye mifupa kudai cha kwake mwenyewe, siku ya Idi, mbele ya wageni.

Tangu usichana wake anashona kofia hapa Kamembe, kando ya Ziwa Kivu: za maharusi, za maimamu, za vijana wanaotaka kupendeza Ijumaa moja tu. Macho yamepungua, lakini sindano haijatoka kwenye pindo la mtandio wake. Kofia zote aliziuza, isipokuwa moja.

Hiyo aliianza mwaka ambao mume wake Twahiru, fundi wa mabati, alianguka kutoka kwenye paa huko Gitambi na kiuno kikakataa kabisa. Mwanaume aliyekuwa akienda hata Bweyeye, mbali kule, kwa miguu, akabaki na kitanda na dirisha.

"Kama hii dunia imenikataa," alisema, "tutengeneze ingine."

Wakaiita Ndoru. Yeye anataja nchi, Mwavita anashona: bahari kwa vitobo vidogo vidogo, milima kwa uzi mnene, jangwa kitambaa kitupu. Kisahani cha juu, kile kitambaa cha duara kinachofunika utosi, kikawa nchi ya baridi. Na kusini? "Kusini ni kichwa changu," Twahiru alisema. "Huko hakuna atakayefika."

Waligombana kama watu wanaogawana shamba.

"We Twahiru, muto haupande mulima!"

"Kwetu unapanda. Shona tu, maman."

Mwisho kabisa waliweka nyumba zao, mafundo mawili ya uzi mwekundu, moja kila upande wa mshono unaofunga mviringo wa kofia, ule ukanda wa pembeni. Mwavita aliuliza kwa nini wasikae nyumba moja. "Unakoroma," Twahiru akajibu. "Lakini usiogope, ni njia tu katikati." Mvua za mwaka ule hazijaisha, Twahiru akafa. Kofia ikakaa juu ya bakuli lililopinduliwa, isilale, isikunjike.

Sasa sikia alichofanya Hakimu. Huyu ni mtoto wa mdogo wake Mwavita, anatengeneza fremu za picha pale sokoni. Kabla ya Idi alikuja kuichukua ile kofia, eti aitoe vumbi. Mwavita akampa bila wasiwasi. Si ni Mwavita mwenyewe aliyemlea?

Siku ya sikukuu anaingia sebuleni kwa Hakimu, anaikuta ukutani, nyuma ya kioo. Imefumuliwa! Kisahani kimebandikwa kwenye kona peke yake kama stempu. Mviringo umekatwa penye mshono, ukanyooshwa kwa pasi kama leso. Nyumba ya Twahiru iko kule karibu na mlango, ya kwake huku juu ya televisheni, na Ndoru nzima imewatenganisha. Chini, kwa herufi kubwa: ZIWA KIVU.

Papa Ladislas, jirani aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya pili, alisimama pale na kikombe chake. "Na Idjwi, kile kisiwa, iko wapi?"

"Ni hii hapa, papa," Hakimu akasema, akigusa mlima wa Twahiru.

"Idjwi!" Mwavita akapasuka. "Hakimu, tangu lini Idjwi iko na muto wa kupanda juu?"

"Mama mukubwa! Nilikuwa nakupatia zawadi. Kwenye bakuli, nani angeiona?"

"Na Kivu ilitoka wapi?"

"Batu banauliza, ningewaambia nini? Hiyo Ndoru haiko."

"Haiko? Mukasi wako ulikata nini basi? Ishushe."

"Mama mukubwa, wageni..."

"Wageni wanywe chai. Ishushe!"

"Mimi niliuliza tu Idjwi," Papa Ladislas akanong'ona.

Fremu ikafunguliwa. Mwavita akakaa kwenye kiti kikubwa bila kukaribishwa na mtu, akachomoa sindano. Alikirudisha kisahani, akavuta ncha mbili za mviringo zikutane, ndipo akaona. Mtoto huyu alikuwa amepunguza kingo, upana wa kidole, ili fremu ikae vizuri! Matusi yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mafundo mawili mekundu yalikuwa yamekuja pamoja chini ya dole gumba lake. Njia ya katikati haikuwepo tena. Ukuta wa Twahiru uligusa ukuta wake.

Alikaa anatazama mpaka chai ya watu ikapoa. Halafu akashona, kwa nguvu, uzi mara mbili.

"Inama," akamwambia Hakimu.

Akamvika, lakini kofia ilikataa kushuka, ikakaa utosini kama kifuniko.

"Imekuwa ndogo, mama mukubwa."

"Na nani aliipunguza? Zunguka."

"Ati?"

"Si ulitaka batu baione? Zunguka pole pole, baione yote."

Hakimu, baba wa familia, akazunguka katikati ya sebule yake. Papa Ladislas akatafuta kiti. Bahari zikapita, jangwa likapita, mto ukapanda mlima wake, na zile nyumba mbili zikafika, zimebanana, zikaenda, zikarudi tena.

Mwavita hakusema asante, na hatasema. Alinyoosha mkono, akapokea chai yake.

"Nani amekuambia usimame? Zunguka."