Daftari la Mwalimu Lililobaki Kwangu

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Nkololo, nikaambiwa mwalimu wangu wa baiolojia amefariki dunia. Wasomaji mmezoea kunisikia nikilalamikia barabara na mbegu za pamba. Leo mnivumilie, nina msiba. Alikuja huku kutoka Moshi akiwa kijana, akasema atakaa miaka miwili ahame. Hakuhama. Kisukuma chake kilikomea kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka", na aliitoa hata saa kumi jioni. Tuliitikia hivyo hivyo, kwa sababu tulimpenda.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Ukikosa swali ulifanya masahihisho: unaandika upya jibu sahihi, unampelekea, anaweka vema kwa kalamu nyekundu. Bila vema hiyo hujamaliza. Siku moja alitupeleka Kalemela, akakunja suruali, akaingia ziwani na kutoka na jiwe lililogandwa na kitu kama ukoko wa ugali. Akasema huyo ni sponji, mnyama kamili, ambaye akiwa mchanga huogelea kwa seli za nje zenye vijimkia, kisha hujibandika kwenye jiwe na kutulia hapo maisha yake yote. Alitufundisha kwamba baada ya hapo seli zile za kuogelea hutupwa zote. Kwenye jaribio mimi nikaandika kwamba labda hubadilishwa kazi, maana nyumbani kwetu Zagayu sikuwahi kuona kitu kizima kikitupwa. Akanipiga mkasi wa kukosa, akalisoma jibu langu mbele ya darasa. Niliitwa "Seli" mpaka namaliza kidato cha nne.

Mwaka jana, akiwa mstaafu, alinifuata ofisini hapa Bariadi kwa bodaboda, na daftari jipya kwapani. Mwanafunzi wake mmoja aliyeko chuo kikuu alikuwa amemweleza yaliyogunduliwa. Kumbe seli nyingi hazitupwi. Zinapoteza mkia, zinaingia ndani, zinakaa kwa muda kama hazina kazi maalumu, kisha zinashika kazi nyingine. Zipo hata zinazoota mkia mpya, safari hii wa kuvuta maji yenye chakula. Zinazokufa zipo, akasema, ila si zote. Akafungua daftari. Juu kaandika "Masahihisho", na pale panapokaa jina la mwanafunzi kaandika lake. Chini, jibu langu la zamani, kwa mwandiko wake mzuri. Akanipa kalamu nyekundu.

"Nisahihishie," akasema.

Jamani, niliona aibu. Mimi nimsahihishe mwalimu wangu? Nikamwomba aniachie, nitalipitia nikipata nafasi. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Akalifunga daftari, akasema, "Sawa. Ila ulirudishe." Alinipigia simu mara mbili, na mara zote mbili nilimpa visingizio vya kazi.

Nimewaza sana wiki hii. Maofisini kwetu bosi akikosea, wote tunainamisha vichwa na kosa linaendelea kula mshahara. Yule mzee aliyezoea kusahihisha alikubali kusahihishwa, na hakupungukiwa kitu. Aliyeshindwa ni mimi. Niliamini seli isiyoonekana kwa macho inaweza kubadilika, ila mwalimu wangu nilitaka abaki vilevile.

Jana msibani wasemaji walimsifu kwamba hakuwahi kukosea. Mimi nilikaa nyuma na daftari kwenye mkoba. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeweka vema, na pembeni nikaandika "Vizuri sana", kama alivyotuandikia sisi. Baada ya maziko nikampelekea mjane wake, nikajieleza. Alilifungua, akaigusa ile vema kwa kidole.

"Kila Ijumaa alikuwa anauliza kama umeleta," akaniambia.

Nililia pale pale, mbele za watu. Msomaji wangu, siku mkubwa wako akikuletea kosa lake mkononi, usimwambie akuachie. Mwekee vema yake angali amesimama mbele yako.