Begi la Mama Kona

Dada yangu hajawahi kukubali kwamba kitu kimemshinda, ndiyo maana Alhamisi ile niliingia naye dukani nikiwa nimeshakasirika. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili wa kulipigia gazeti picha za mpira. Uwanjani wanamwita Mama Kona, kwa sababu hupiga goti pale pale kando ya kibendera cha kona, jua liwake, mvua inyeshe. Kamera yake ina lenzi ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, nzito kama mtoto mchanga. Na bega lake la kulia limekufa, mkono haupandi kupita kifua. Hilo nalijua mimi peke yangu.

Wiki mbili kabla, wingu lilitanda akaifungia kamera begini. Mvua haikunyesha. Goli likafungwa mbele ya macho yake, mkono ukagoma kuitoa kamera. Magazeti yote yalikuwa na goli lile isipokuwa lake. Mhariri hakufoka. Alisema tu, "Mechi ijayo tutaona," na dada akarudi nyumbani akalala bila kula.

Mechi hiyo ilikuwa Jumamosi. Basi tulikuwa tunatafuta begi ambalo mkono wa kushoto peke yake ungeweza kulifungua na kutoa kamera, lenzi ikiwa imeshafungwa kwenye kamera, ndani ya sekunde nne.

Muuzaji, bwana mpole mwenye miwani, alianza na sanduku gumu lenye sponji ndani. Alilipanda kwa miguu miwili kutuonyesha.

"Hili, mama, hata likianguka kutoka kwenye lori, kamera iko salama."

"Mimi sisafirishi mayai. Lina vifungo vingapi?"

"Vinne."

"Nikimaliza kuvifungua, wachezaji watakuwa wameshaoga."

Akaleta begi pana la mgongoni. Kulivaa dada aliweza. Kulivua ndiyo ilikuwa kazi, na zipu yake ndefu ilitaka mkono mmoja ushike begi, mwingine uvute. Kiwiko kilinasa kwenye kamba, akabana midomo, jasho likamtoka.

"Bega linasumbua, mama?"

"Nimelala vibaya."

Amelala vibaya mwaka mzima, nikasema moyoni.

La tatu lilikuwa begi refu jembamba linalosimama lenyewe. Lenzi inatangulia chini, kamera inabaki juu, na mfuniko una zipu fupi. Dada alipiga goti sakafuni kama yuko uwanjani, mimi nikashika simu kuhesabu. Mara ya kwanza sekunde saba. Ya pili tano. Ya tatu, tatu na nusu. Akacheka, na kicheko chake sikuwa nimekisikia kwa wiki mbili.

"Nifungie hilo," akamwambia muuzaji.

Hapo ndipo nilipoona kwamba lenzi haina kofia. Ni ule mdomo mpana wa plastiki unaozuia jua, na uwanjani hauvuliwi hata kidogo. Ulikuwa nyumbani juu ya kabati, anapouweka kila akisafisha lenzi. Begi lile liliibana lenzi hata bila kofia. Jumamosi ingekwama. Mtu wa miaka ishirini na mbili kazini alisahau kitu kama hicho, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akiuwaza mkono tu.

Nikanyamaza. Siwezi kujitetea, nilinyamaza kwa kusudi. Kila usiku namsikia akiugulia upande wa pili wa ukuta, na nikienda kumkanda ananifukuza. Akishindwa Jumamosi, mhariri atampa mtu mwingine ile kona, na dada yangu atapumzika. Nilikuwa nimeliombea jambo hilo. Sasa nilitakiwa kufunga mdomo tu, na muuzaji alikuwa ameshaanza kuandika risiti.

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, umehesabu sawasawa? Usije ukanionea huruma."

"Nimehesabu sawa," nikasema. "Lakini kofia ya lenzi umeiacha kabatini."

Muuzaji alitafuta kofia ya kufanana nayo, akaivisha lenzi. Ilikwama mdomoni mwa begi. Dada aliisukuma mara mbili, kisha akaacha, akaketi sakafuni na lenzi mapajani. Nilitamani anitukane.

"Lile la mgongoni linaitosha?" akauliza mwishowe.

"Linaitosha, mama. Ila bega…"

"Bega limeharibika," akasema. Hakuwahi kulisema mbele ya mtu. Halafu, bila kunitazama, "Jumamosi una kazi gani?"

Mimi mpira siupendi, jua linaniumiza kichwa, na nilishaapa sitakwenda uwanjani kumtazama akijimaliza.

"Sina kazi," nikasema.

Akalivaa lile begi pana, akanipa mgongo. "Kamba ya kulia kwanza. Polepole." Niliishusha, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaligusa bega lake bila kufukuzwa. Lilikuwa linatetemeka. Tukapiga magoti pamoja, mimi nikashika begi na kuvuta zipu, yeye akaichomoa kamera kwa mkono wa kushoto.

"Sekunde kumi na moja," akasema muuzaji, akitazama saa yake.

"Tena," akasema dada, na mimi nikamvalisha begi upya.