Filipo Anatafuta Siku Mbili za Mlimani

Kuanzia Kinyangiri mpaka miguuni pa mlima hapakuwa na fundi wa kuezeka tembe wa kumfikia Filipo. Asiyekubali na aje abishane, lakini aje baada ya mvua. Tembe iliyofunikwa na Filipo ilikuwa haivuji, hata mvua ya mawe ije na ndugu zake wote. Basi mtu wa namna hiyo, mwenye kifua chake na jina lake, mwaka ule wa sabini na tano alikuwa anazungumza na mke wake kwa kukonyeza.

Cheka, lakini sikiliza kwanza. Watu walipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zilinyoshwa mistari kama matuta ya viazi. Nia ilikuwa watu wakae karibu, na kweli walikaribiana: ukipiga chafya, nyumba ya tatu wanakupa pole. Kwa Filipo vyumba vilikuwa viwili. Kimoja alilala mama yake, Anastazia, na mpaka wao ulikuwa mkeka uliotundikwa. Nyuma ya ukuta wa upande mwingine alikaa Simeoni, balozi wa nyumba kumi. Mtu mwema Simeoni, ila masikio yake hayakujua kusinzia.

Sara, mke wa Filipo, huko walikotoka alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko. Tangu wahamie, maneno yalimkauka. Alipika, alikwenda zamu yake kwenye shamba la kijiji, alirudi, alinyamaza. Mtoto wao Yohana alipokuja likizo kutoka shule ya bweni, alimwuliza baba yake kama mama anaumwa. Filipo akasema ni vumbi.

Siku moja wanachambua maharage, Sara akamsogelea.

"Baba Yohana, nina neno."

"Sema."

"Si la kusemea hapa."

"Neno gani hilo?" akauliza Anastazia kutoka ng'ambo ya mkeka.

"Nasema chumvi inaisha, mama," Sara akajibu, akarudia maharage yake.

Tangu hapo Filipo hakula akashiba. Mke akikuambia ana neno halafu asiliseme, utajijazia mwenyewe, tena utajaza mabaya tu. Ana ugonjwa? Amenichoka? Mtu mzima, fundi, akawa anapaka udongo kwenye paa huku anahesabu makosa yake.

Ndipo akaukumbuka mlima. Ilikuwa kipupwe, mtama umeshavunwa, na huko juu Kinampanda ukungu unakaa mpaka jua linapanda. Mjomba wake Mughwai alikuwa na nyumba peke yake kwenye ukingo, mjane asiye na jirani isipokuwa pimbi wa kwenye mawe. Jumamosi na Jumapili tu. Waote moto wa magogo, wale viazi vya kuchoma, mjomba akienda kwenye mizinga yake ya nyuki Sara aseme neno lake. Alipomnong'oneza mpango huo njiani kisimani, Sara alitabasamu, akaonyesha meno ambayo Filipo alikuwa ameanza kuyasahau.

Tatizo likawa ruhusa. Kijiji kilikuwa kinafyatua matofali ya shule, na mtu hakuondoka bila sababu. Sababu zilikuwa mbili, ugonjwa na msiba. Kwenda kupigwa na baridi na mkeo hakukuwemo. Filipo akaenda kwa Simeoni, akainamisha kichwa.

"Balozi, mjomba wangu wa Kinampanda yuko hoi. Nataka niende na mama Yohana tukamwone. Mama yangu asijue kwanza, nisije nikamwua kwa mshtuko."

"Pole sana, ndugu," Simeoni akasema kwa huruma ya kweli, na kwa sauti aliyozoea kuitia watu kwenye mkutano. "Kumbe Mughwai yuko hoi!"

Ukuta ni ukuta wa fito na udongo. Filipo hajavuka kizingiti akasikia mama yake anaangua kilio: "Kaka yangu! Kaka yangu wa tumbo moja! Mwanangu unanificha!"

Huko kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, wala mwenye mgonjwa haachwi atembee peke yake kama mwizi. Kabla jua halijazama mlangoni pa Filipo palikuwa na unga wa uwele, kuku wanne wamefungwa miguu, kibuyu cha asali, na wanawake watatu wanaimba nyimbo za kanisani. Simeoni akatangaza kwamba kijiji kitatuma ujumbe, na kiongozi wa ujumbe ni yeye mwenyewe.

"Balozi, msijisumbue," Filipo akasema. "Njia ni mbaya."

"Ndiyo maana hatukuachi."

Sara alikuwa amesimama na kanga yake nzuri mkononi, ile aliyoitenga kwa safari. Akaikunja, akairudisha.

Jumamosi lori la Manji, mwenye duka, lililokuwa linapeleka chumvi Kiomboi, likawabeba wote. Filipo akakaa juu ya magunia katikati ya kuku na nyimbo, amebanwa mbavu na dua za watu wema. Lori lilipopanda mlima baridi ikaingia mpaka kwenye meno. Waliposhushwa, akawaambia anatangulia kumwandaa mgonjwa, akakimbia.

Alimkuta Mughwai anapasua kuni kifua wazi.

"Shikamoo mjomba! Kalale!"

"Marahaba. Nikalale mchana huu, mimi ni mbuzi wa sadaka?"

"Unaumwa. Wanakuja watu. Mama analia. Nilidanganya, nitakueleza."

Mughwai akasikiliza zile nyimbo zinapanda, akanusa hewa. "Wamebeba kuku?"

"Wanne."

"Basi niumwe kiuno. Kiuno hakuna anayekiona ndani." Akatupa shoka, akajilaza karibu na moto, akaanza kuguna kama aliyezaliwa na maradhi hayo.

Siku mbili za utulivu zikawa hivi: wanaume walilala chumba cha nje wamepangana kama kuni, wanawake chumba cha ndani na Sara katikati yao. Asubuhi Filipo akimwona mkewe anaelekea kisimani, akiinuka naye, Anastazia anadaka kibuyu: "Nakwenda naye mimi, wewe kaa na mjomba wako." Akimfuata jikoni, Simeoni anakuja kumwuliza hali. Jumapili ibada ikafanywa kando ya kitanda. Mgonjwa alisali vizuri, akala kidari.

Baada ya ibada Filipo akamwinamia sikioni. "Pona, mjomba. Tunaondoka kesho."

"Nipone? Ndiyo kwanza nimeanza kuugua vizuri. Nani ataniangalia?"

Simeoni akasikia. Masikio yale! Akakohoa kidogo kama kikao kimeanza. "Ni kweli. Mgonjwa haachwi peke yake. Bibi Anastazia, wewe ni dada yake."

"Kwa baridi hii? Miguu yangu yenyewe inataka kukandwa. Abaki mke wa mwanangu, ana nguvu."

"Nitabaki mimi," Filipo akadakia.

"Wewe una zamu ya matofali," Simeoni akasema. "Tena mwanamume unapika? Sara atabaki mpaka mzee asimame. Mwenyekiti nitamweleza mimi."

Filipo aseme nini? Aseme mjomba ni mzima, mbele ya mama yake aliyelia siku tatu, mbele ya watu waliochinja kuku wao?

Jumatatu, lori likinguruma njiani, Sara akamsogelea mbele ya watu wote, akamwekea begani kifurushi cha viazi.

"Lile neno," Filipo akanong'ona.

"Nilitaka kukuomba ruhusa nije nikae huku kwa mjomba," Sara akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Kule siwezi kurudi, Baba Yohana. Nilikuwa naogopa utakataa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mjomba apone."

Ndani ya nyumba mjomba akaguna, mguno mrefu wa mtu ambaye hana haraka. Wanawake wakamsifu Sara kwa moyo wake. Filipo akavutwa mkono juu ya lori, mama yake akaketi kulia, balozi kushoto, na Simeoni akamfunika blanketi mabegani, akimwambia asihuzunike, kijiji kizima kiko naye.