Mlango wa gatini na pumzi za meza ya nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Verna Tizzard anapuliza mapovu ya sabuni.

Amesimama kando ya majiko ya kuchemshia kaa, buti za mpira zikimfika magotini, aproni ya rangi ya chungwa kifuani. Mkononi ana kichupa cha plastiki, kile ambacho watoto hununuliwa siku ya kuzaliwa. Anapuliza, anatulia, analifuata kila povu kwa macho mpaka lipasuke. Kisha anaandika kitu kwenye daftari na kusogea hatua mbili.

"Ukimaliza kucheza utuambie, mama, tuanze kazi," anasema mwanamume anayepita na toroli la barafu. Verna hata hageuki. Anamjibu kwamba kazi imeanza dakika ishirini zilizopita, yeye ndiye aliyechelewa.

Mapovu yanapanda, yananyonywa na feni ya darini, yanapotea. Hilo ndilo analotaka kuliona kila asubuhi kabla zamu haijaanza. Mwaka jana hayakuifikia feni.

Verna ana miaka hamsini na mmoja, na huu ni msimu wake wa kumi na tisa katika kiwanda cha kaa cha Sturge Harbour, kaskazini mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Kazi huanza Aprili, barafu ikiruhusu, na kwisha katikati ya Julai. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Kama wenzake wote, lazima afikishe saa mia nne na ushee ndipo malipo ya kukosa kazi yamvushe majira ya baridi. Kwa hiyo hapa kwetu mtu akikohoa mwezi Mei husema ni mafua.

Sote tunajua si mafua. Mvuke wa kaa anayechemka hubeba vitu visivyoonekana kwa macho, na mapafu ya baadhi ya watu huvikataa. Mtu hukohoa Jumatatu, Jumatano kifua kinambana, Jumapili akipumzika anapata nafuu, Jumatatu anaanza upya. Ni pumu. Daktari akishaithibitisha, mgonjwa haruhusiwi tena kukaa karibu na kaa, si msimu huu wala mwingine.

Sheria inataka kila kiwanda kiwe na kamati ya afya na usalama, na wafanyakazi wawe na mjumbe wao. Nafasi hiyo hakuna aliyeitamani. "Nilichaguliwa nikiwa chooni," anasema Verna. "Nimerudi, nakuta watu wananipigia makofi. Nikadhani nimeshinda bahati nasibu."

Kamati ikampeleka mji mkuu wa jimbo, St. John's, kwa mafunzo ya uongozi wa afya na usalama kazini, wiki sita zilizogawanywa katika majira mawili ya baridi. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita. Darasani alikaa na watu wenye shahada, na siku ya kwanza, anakiri, aliogopa hata kuomba kalamu. Siku ya tatu ndiye aliyekuwa akiuliza maswali kuliko wote. Alijifunza kupima kelele, kusoma lebo za kemikali, na kuufuata upepo wa ndani ya jengo kwa moshi wa kopo maalumu. Kiwanda hakikuwa na makopo hayo. Ndipo alipomwomba mjukuu wake kichupa cha mapovu.

Alirudi pia na kipimo cha pumzi, kibomba kidogo ambacho mtu hukipuliza kwa nguvu zake zote nacho kikamwonyesha namba; namba ikishuka, pumzi imepungua. Mwaka jana, kila Jumatatu na kila Ijumaa wafanyakazi walipuliza, Verna akaandika. Namba zikamshangaza. Meza ya nne ya kuvunjia kaa, yenye watu kumi na mmoja, ilikuwa na wakohozi saba. Meza ya pili, iliyo karibu zaidi na majiko, ilikuwa na mmoja tu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bride Keeping, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, jirani yake Verna na mwenzake wa mezani tangu mwanzo. Aprili alipuliza 410. Mwishoni mwa Mei, 330. Wiki ya pili ya Juni, 290.

Kwa nini meza ya nne? Swali hilo lilimkaa Verna kama mwiba wa samaki kooni. Asubuhi moja akaja na mapovu yake. Yalipanda vizuri hadi karibu na feni, yakasita, yakapinda, yakashuka na kuelea moja kwa moja hadi meza ya nne. La mwisho, anasema, lilipasukia begani kwa Bride.

Kilichoyasukuma ni upepo wa baharini, na upepo uliingia kwa mlango wa gatini.

Mgeni ataona mlango ni mlango tu. Lakini kwa mlango ule watu walio ndani huziona boti zikirudi, na ndani ya boti hizo mna waume zao, kaka zao na watoto wao. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba ukae wazi. Hukaa wazi tu, hata Aprili theluji ikiingia hadi kwenye sakafu, umezuiwa na jiwe.

Mumewe Verna, Selby, ni dereva wa gari la kuondoa theluji barabarani. "Sikuwa na mtu baharini," anasema Verna. "Kwangu mimi lile lilikuwa tundu la upepo. Nikaliziba."

Alibandika tangazo lenye sahihi ya meneja, Bwana Rideout, akaliondoa jiwe. Kufikia saa ya chai jiwe lilikuwa limerudi. Kesho yake akatia kufuli. Kufuli lilikutwa kwenye pipa la magamba ya kaa. Mchana ule Verna aliketi peke yake, na alipoomba maziwa ya kopo ya kutia kwenye chai, kila mtu akawa kiziwi. Kwetu, kunyimwa maziwa ya kopo si jambo dogo.

Alipokuja kumjua aliyerudisha jiwe, alichoka kabisa. Alikuwa Bride.

Alimpigia simu mkufunzi wake huko mjini, akilalamika kwamba watu hawataki kuokolewa. Mkufunzi hakumpa pole. Alimuuliza kama amewahi kumuuliza Bride sababu. Verna, mwenye maswali kuliko darasa zima, alikuwa hajamuuliza.

Jumamosi akaenda kwa Bride na sufuria ya supu ya njegere. Hawakugusia mlango mpaka supu ilipokwisha.

"Mwaka aliopotea kaka yangu baharini, mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi," Bride alimwambia. "Nilikuwa navunja miguu ya kaa, mdogo wangu, naimba. Na watu wako pale nje tangu saa nne asubuhi, wanajua. Mimi nikajua saa kumi na moja. Pumu itaniua polepole. Ile siku iliniua papo hapo."



Walianza kutafuta njia pamoja. Dirisha la kioo mlangoni haliruhusiwi katika kiwanda cha chakula. Pazia la plastiki angavu lilitiwa ukungu na mvuke ndani ya robo saa. Mwishowe Bride mwenyewe akatoa sharti: mlango ufungwe, lakini nje akae mtu wa kwao, si wa ofisini, mwenye redio ya kuongea na boti, na kila nusu saa asome kwa kipaza sauti nani ameingia na nani bado. Asome hata kama hakuna jipya. Asifiche lolote.

Bwana Rideout alikubali kujaribu msimu mmoja. Lakini Julai ileile daktari alimpiga marufuku Bride kukaa ndani na kaa.

"Nililia kama mtoto," anasema Verna. "Mimi niliandika namba zake wiki baada ya wiki, natafuta upepo. Ningemuuliza habari za mlango tangu Mei, huenda leo angekuwa hapa mezani."

Msimu huu anayekaa nje na redio ni Bride. Daktari ameruhusu: upepo safi, mbali na mvuke. Saa zake ni chache kuliko za mezani, na hajui kama mwakani nafasi itakuwapo. Namba yake imepanda hadi 370. Meza ya nne imebaki na wakohozi wawili.

Kisha, wiki hii, mtoto wa Verna, Clayton, mwenye miaka ishirini na sita, ambaye miaka yote alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Alberta, magharibi mwa nchi, amepata nafasi kwenye boti ya Ambrose Hynes. Mezani utani haukuchelewa. "Mkuki kwa nguruwe," mmoja akaanza, na wengine wakamalizia kwa kicheko. Verna naye alicheka.

Leo hacheki. Mchana ukungu umeshuka mpaka gati halionekani. Ambrose alitarajiwa saa nane. Saa nane na nusu sauti ya Bride inasikika juu ya kelele za mashine: boti mbili zimeingia, Ambrose bado. Saa tisa: Ambrose bado, redio haimpati. Saa tisa na nusu: bado.

Verna anavua glavu. Anakwenda hadi mlangoni, anaweka mkono kwenye komeo. Meza nzima imeacha kazi.

"Fungua tu, mama," anasema mwanamke aliye karibu naye, kwa upole. "Hakuna atakayekuandika."

"Mwandishi ni mimi," anasema Verna.

Anaondoa mkono kwenye komeo. Kisha anarudi mezani, anavaa glavu, anaokota kaa. Anavunja vibaya. Mwenzake anamchukua kaa yule na kumpa mwingine.

Saa kumi kasoro dakika saba, kabla ya zamu yake ya kusoma, Bride anawasha kipaza sauti. Ambrose ameingia. Wote watano. Redio yao ilikufa. "Verna, mwanao anauliza kuna chakula gani."

Verna anainamia meza. Nikimuuliza anatarajia nini, anajipangusa uso kwa kiwiko. Oktoba ana mtihani wa mwisho wa mafunzo yake. Akifaulu, ataruhusiwa kufundisha kamati za viwanda vingine vya pwani hii. Lakini kabla ya hilo anataka nafasi ya Bride iandikwe kwenye kanuni za kiwanda, iwe ya kudumu, isitegemee wema wa meneja.

"Andika hivyo," anasema. "Mwaka jana niliiomba kwa ajili yao. Sasa naiomba kwa ajili yangu."